Waridi moja, majina manne: jua unachonunua kabla ya kulipa

Swali hili hutufikia kila mvua zinapoanza. Msikilizaji kanunua mche wa waridi ulioandikwa Peace. Jirani yake anao unaofanana nao kabisa, ua la njano lenye kingo za pinki, ila lebo yake inasema Gloria Dei. Je, nani kauziwa uongo?

Hakuna. Ni waridi lile lile. Lilizalishwa Ufaransa na Francis Meilland miaka ya 1930, akaliita Madame A. Meilland kwa heshima ya mama yake. Kabla vita haijafunga njia alituma vikonyo nchi nyingine, na huko kila mtu akaliita alivyotaka. Wajerumani walisema Gloria Dei, yaani utukufu wa Mungu. Waitalia walisema Gioia, furaha. Marekani walilitangaza tarehe 29 Aprili 1945, vita ya Ulaya ikiwa ukingoni, wakaliita Peace, amani. Majina yote manne yapo mpaka leo.

Hapo hujapoteza kitu. Hasara iko upande wa pili, pale majina yanapokaribiana lakini maua ni mbalimbali.

Chicago Peace si Peace. Lilitokana na tawi la Peace lililobadilika lenyewe, na pinki yake imekolea zaidi. Climbing Peace nalo ni la kutambaa. Linataka ukuta au uzio wa kuegemea, si tuta dogo mbele ya nyumba. Mfano mbaya zaidi ni Iceberg, waridi jeupe la Kordes wa Ujerumani la mwaka 1958, ambalo kwao huitwa Schneewittchen. Burgundy Iceberg ni la rangi ya zambarau iliyoiva. Mtu aliyeahidi maua meupe ya harusi, akaagiza miche kwa simu na kusema "Iceberg" tu, ajiandae kwa lolote!

Kwa sababu hiyo wazalishaji wengi huyapa mawaridi yao jina la pili, la usajili. Kwa kawaida herufi tatu za mwanzo, kubwa, humtaja mzalishaji: KOR ni Kordes, MEI ni Meilland, TAN ni Tantau, AUS ni David Austin. Iceberg ni KORbin. Jina la dukani hubadilika ukivuka mpaka, hili halibadiliki. Limeandikwa kwa maandishi madogo kwenye lebo, na muuzaji asiyelijua mwambie akaulize alikotoa miche.

Wapo pia wanaosema, "Waridi langu limegeuka." Hapo jina halina kosa. Miche mingi imebebeshwa juu ya shina la waridi jingine. Ukanda wetu hutumia sana Natal Briar. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, hilo ni shina la chini linalojiotea, na ukiliacha litalimeza waridi ulilonunua. Fukua udongo kidogo, ling'oe pale lilipoanzia. Ukilikata juu juu litarudi.

Na lebo hufutika kwa jua na mvua. Ipige picha kwa simu siku ile ile unayopanda, mche ukiwa umesimama pembeni yake.