Msailiwa Mwenye Haya

Nje ya chumba cha usaili huwa kuna benchi, na kwenye benchi hapakosi mtu mmoja anayezungumza kuliko wote. Anayajua maswali ya jana, anamjua aliyeyauliza, anajua hata jibu lililompatia fulani kazi mwaka juzi. Pembeni yake kuna mwingine aliyekumbatia bahasha ya vyeti. Huyu hajasema neno tangu alipoteremka kwenye bodaboda saa moja kasorobo. Mtihani wa mchujo aliufaulu kwa alama za juu. Akiitwa ndani, neno la kwanza kumtoka kinywani siku hiyo litakuwa jina lake, nalo litatoka likikwaruza, mbele ya watu watano asiowafahamu.

Leo naandika kwa ajili ya huyo wa bahasha. Nimekaa upande wa pili wa meza mara za kutosha kujua kwamba kazi huwa inampita kwa sababu ambazo si zile anazozidhania.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili hakina ugomvi na haya. Kumwambia mtu "huna haya" ni kumtukana, na msichana au mvulana mwenye haya husifiwa hata kwenye posa. Mtoto aliyelelewa akaleleka hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kungoja aulizwe, na kutojitajataja. Mtoto huyohuyo akifikisha miaka 24 anaingizwa chumbani, na mtu wa umri wa baba yake anamwuliza: tueleze kuhusu wewe, na kwa nini tukuchukue wewe tuwaache wenzako? Anatakiwa kuyatenda yote aliyokatazwa, kwa mfululizo, na mara nyingi kwa Kiingereza. Hapo hata mimi ningetokwa jasho.

Maumbile nayo yamo. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alifuatilia watoto kuanzia umri wa miezi minne, akaona kwamba takriban mmoja kati ya watano hushtuka na kurusha mikono na miguu anapoletewa kitu kigeni, na kwamba watoto wa aina hiyo ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kukua wakiwa waoga wa wageni. Wala hawako peke yao. Katika miaka ya 1970, Philip Zimbardo wa Stanford aliwauliza Wamarekani kama wanajiona kuwa ni watu wa aibu, na yapata asilimia 40 walikiri. Kwa hiyo katika jopo la watu watano, kuna uwezekano mzuri kwamba mmoja au wawili waliokukunjia uso wanazijua fika hizo nyuzi zinazokukaza tumboni.

Sasa tuje kwenye kinachoharibu. Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kwamba mtu mwenye woga wa watu, akihisi anapimwa, huacha kuwatazama waliopo akaanza kujitazama. Anasikiliza sauti yake, anahesabu mapigo ya moyo, anachungulia kama vidole vinatetemeka. Kutokana na hisia hizo anajichorea picha ya jinsi anavyoonekana, na picha hiyo huwa mbaya kuliko hali halisi. Swali limekwisha kuulizwa, yeye kalisikia nusu. Kisha anajikinga: anajibu kwa maneno manane, anashusha sauti, anaizungumzisha meza. Kinga hiyo ndiyo inayommaliza, kwa sababu sisi tulio ng'ambo hatuoni woga. Tunaona mtu asiyeitaka kazi. Nakumbuka kijana mmoja niliyemwandikia "hakujiandaa" kwenye karatasi yangu. Baadaye nikaona kwamba kwenye mtihani wa kuandika aliongoza kundi lake lote. Aliyekosa kujiandaa siku ile nilikuwa mimi.

Habari njema ni kwamba picha ile ni ya uongo, na uongo wake umepimwa. Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, vazi la kumtia aibu kijana yeyote, wakamwingiza chumbani kwa wenzake. Kisha wakarudia kwa wengine. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliomo chumbani waliitambua picha hiyo. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Miaka mitatu baadaye Gilovich na Kenneth Savitsky walipima jambo linalomhusu msailiwa moja kwa moja: watu waliokuwa wakijiandaa kuhutubia waliambiwa mapema kwamba woga wao hauonekani nje kama wanavyoudhania. Hawakufundishwa kitu kingine chochote. Walihutubia vizuri zaidi kuliko wasioambiwa, kwa tathmini yao wenyewe na ya waliowasikiliza. Basi na wewe umeshaambiwa.

Ushauri unaotolewa vijiweni ni "jiamini" na "changamka". Sijawahi kumwona mtu mwenye haya aliyechangamka kwa kuamriwa. Akijilazimisha huchekacheka pasipochekesha, na jopo hubaki linatazamana. Njia nyingine nitaieleza kwa kupitia mende, na mniwie radhi.

Mwaka 1965 Robert Zajonc alieleza kwamba macho ya watu humwongezea kiumbe msukumo, na msukumo huo hulitoa nje lile alilolizoea zaidi. Kama alilolizoea ni sahihi, atalifanya vizuri kuliko akiwa peke yake. Kama bado analitafuta, ataharibu zaidi. Mwaka 1969 yeye na wenzake walilijaribu kwa mende. Mende waliotazamwa na mende wenzao walikimbia kwa kasi zaidi kwenye njia iliyonyooka, lakini kwenye njia yenye kona walichelewa. Kwa msailiwa maana yake ni hii: jibu unalolitunga palepale ni njia yenye kona, na jibu ambalo ulimi wako umeshalipita mara 20 ni njia iliyonyooka.

Nimesema ulimi. Wenye haya ni wasomaji wazuri, nao hujiandaa kwa kusoma kimya hadi usiku wa manane, halafu wanashangaa maneno yanapogoma kutoka. Jibu lililokaa kichwani halijapita kooni. Lisemwe kwa sauti, na lisemwe mbele ya mtu: mdogo wako, mwenzako wa chumba, shangazi anayechambua mchele. Shangazi si lazima aelewe kazi ya mkaguzi wa ndani wa hesabu. Kazi yake ni kuwa na macho. Kioo sikipendekezi, ingawa wengi hukisifu. Kioo hukurudisha kulekule kwenye kujitazama, na tumekwisha kuona kujitazama kunavyokula akili. Kama usaili utakuwa wa Kiingereza, mazoezi nayo yawe ya Kiingereza, chenye lafudhi yako ya Kisukuma au ya Kimakonde. Hakuna anayekuja kukusahihisha lafudhi.

Useme nini sasa? Hapa mwenye haya ana faida asiyoijua. Kinachomfunga mdomo ni kuona kwamba anatakiwa ajisifu, na kujisifu kwake ni kama kuvua nguo. Basi asijisifu, atoe ushahidi. "Mimi ni mchapakazi, naweza kufanya kazi na watu, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu" ni maneno ambayo jopo limeyasikia mara 40 kabla ya saa sita, na kwa mwenye kujisitiri ni mazito kuyatamka. Yalinganishe na ya mhitimu wa kilimo anayesema: "Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilikabidhiwa wakulima 46 wa mahindi katika vijiji vitatu. Wiki ya pili viwavijeshi vamizi viliingia. Nilipita shamba kwa shamba, nikawaonyesha jinsi ya kukagua majani machanga, nikaorodhesha mashamba yaliyoshambuliwa, na kila Ijumaa orodha ilikuwa mezani kwa afisa ugani wa kata." Hakuna sifa hata moja hapo, na bado jopo limepata mchapakazi, mtu wa watu, na mtu asiyekimbia magumu. Andaa visa vitano vya namna hiyo, kila kimoja kikisema mambo yalikuwaje, ulikabidhiwa nini, ulifanya nini kwa mikono yako, na kilitokea nini. Visa vitano hujibu maswali mengi ajabu, likiwemo lile la "tueleze kuhusu wewe", ambalo halihitaji historia ya ukoo. Dakika moja na nusu inatosha.

Ushahidi ndio unaotafutwa hata na karatasi za alama. Nchini Tanzania, nafasi nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Kwa kawaida huanza mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Usaili ulioandaliwa vizuri, wa serikali au wa kampuni, huwauliza wote maswali yaleyale na kulipa kila jibu alama zake. Frank Schmidt na John Hunter, walipokusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 mwaka 1998, walionyesha kwamba usaili wa mpangilio huo humtabiri mfanyakazi mzuri kwa usahihi zaidi kuliko mazungumzo huria. Mwenye haya ashukuru. Mpangilio ni rafiki yake, maana mcheshi hapewi alama kwa hadithi isiyojibu swali. Uzungumzaji ukiwa na safu yake kwenye karatasi, ni safu moja tu kati ya kadhaa.

Siku yenyewe, amka na sauti. Msalimie kondakta, ulizia mahali hata kama unapajua, ongea mawili matatu na jirani yako kwenye benchi, kisha usogee mbali na yule mjuaji. Sauti isilale hadi mlangoni. Vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vipangwe usiku uliotangulia kwa utaratibu wa tangazo, na kama majina yanatofautiana kati ya cheti na cheti, shughulikia tofauti hiyo wiki nyingi kabla.

Kuna swali ambalo huwasumbua wengi wasithubutu kuliuliza: jopo lisalimiwe vipi, ikiwa mmoja ni wa rika la bibi na mwingine wa rika lako? Amua kabla ya kuingia. Usaili ukiwa wa Kiswahili, "shikamooni" moja inawatosha wote, na huyo wa rika lako hatadhurika.

Ukiwa unangoja, moyo ukianza ngoma, usiuamuru unyamaze. Alison Wood Brooks, katika utafiti wake wa mwaka 2014, aliona kwamba waliojiambia "nina hamu kubwa" kabla ya kuhutubia au kuimba walifanya vizuri kuliko waliojaribu kujituliza, kwa kuwa hamu na woga hutumia mapigo yaleyale. Toa pumzi taratibu zaidi kuliko unavyoivuta. Ukishaketi, weka viganja juu ya mapaja. Karatasi usiishike, kwa sababu karatasi hutangaza mtetemo ambao vidole vingeuficha. Mtazame aliyeuliza, katikati ya nyusi kama macho yanakushinda; hakuna atakayejua tofauti. Na swali likikukwepa sema, "Naomba nifikiri kidogo." Sekunde tano ambazo kwako ni kiangazi kizima, kwetu ni muda wa kumalizia kuandika.

Wakikuuliza udhaifu wako, unaweza kuitaja haya yenyewe, mradi uiambatanishe na unachokifanya: "Kwenye kikao kikubwa huchelewa kusema, kwa hiyo huandika hoja zangu mapema na kumpa mwenyekiti." Lakini isiwe sentensi yako ya kwanza. Wapo wanaoingia wakiomba radhi kwa kuwa waoga, na kuanzia hapo jopo zima linatafuta woga.

Yupo pia ambaye haya yake imepita mpaka: anaitwa usaili, haendi, au ana kazi, anakosa kikao, mwaka wa pili sasa anakwepa hata simu. Huyo mazoezi ya shangazi hayamtoshi. Woga huo una tiba, hasa ya mazungumzo, na hospitali kama Muhimbili au Mirembe pale Dodoma zina wataalamu wake. Vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo ambavyo rafiki hukupenyezea asubuhi ya usaili usivimeze bila daktari. Propranolol, kwa mfano, inaweza kumbana vibaya mwenye pumu.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Mwenye haya husema "hapana" akiwa ameshashika kitasa. Njoo nalo moja: anayechukua nafasi hii atahudumia kata ngapi, au ataripoti kwa nani. Litamfanya mmoja wao azungumze, nawe upumzike.

Na kwenye basi la kurudi usijiendeshee kesi. Clark na Wells waliliona hilo pia: mtu wa aibu huirudia hukumu yake usiku kucha, na kila akirudia anajiongezea makosa. Toa daftari basi likiwa bado stendi, andika maswali waliyokuuliza, yote unayoyakumbuka, pamoja na lile lililokushinda. Basi likishatoka mjini, lala.