Juu ya Amri Moja Iliyoachwa ya Chujio la Barua Taka

Miongoni mwa amri walizotumia wasimamizi wa seva za barua pepe za Exchange Server 2010, ilikuwapo moja iitwayo Get-AntispamUpdates. Matoleo yaliyofuata hayakuichukua. Makala haya yanakusudia kueleza kazi yake, kisha kuonyesha kwa nini kisa chake chawahusu pia wataalamu wa lugha.

Kwanza, umbo lake. Amri za namna hii huundwa kwa kitenzi na nomino, zikiungwa kwa kistari. Kitenzi hapa chaamrisha kuleta. Nomino yataja masasisho ya kuzuia barua taka. Kwa hiyo amri hii haikubadili kitu: ilimletea msimamizi habari tu, kama masasisho yalikuwa yakija yenyewe au la. Kuyawasha kulikuwa na amri yake, Enable-AntispamUpdates; na kuyazima, Disable-AntispamUpdates.

Pili, mambo yaliyosasishwa. Chujio huipima barua na kuipa alama, toka 0 hata 9. Alama ikipanda, shaka huzidi. Hapana neno lililo ovu kwa asili yake. Neno “zawadi” katika barua ya shangazi si sawa na “zawadi” katika barua ya mlaghai. Lakini chujio halimjui shangazi. Lajua hesabu tu: neno hili limeonekana mara ngapi katika barua njema, na mara ngapi katika mbaya. Njia hiyo ya kukadiria ilielezwa na Sahami, Dumais, Heckerman na Horvitz mwaka 1998. Na kwa kuwa walaghai hubadili maneno yao kila siku, hesabu hiyo haina budi kufanywa upya.

Tarehe 1 Novemba 2016, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya chujio lake la SmartScreen kwa Exchange na Outlook. Machujio yaliyokwisha kuwekwa yaliachwa mahali pake. Hapo ndipo penye hatari: chujio lisilosasishwa halinyamazi, bali huendelea kuhukumu lugha ya leo kwa ushahidi wa jana. Ulaghai mpya waweza kupita, na barua ya haki ikazuiwa pasipo mwandishi wake kujua.

Sisi watu wa kamusi twalifahamu jambo hili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 haiwezi kulaumiwa kwa kukosa “barua pepe”. Ndiyo maana ilihitajika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, na hiyo nayo ikarudiwa 2004. Lakini kamusi huonyesha mwaka wake katika kurasa za mwanzo. Chujio halionyeshi, ila liulizwe.

Basi, yeyote atakayeunda chombo cha kupima maandishi ya Kiswahili yampasa kukipa mambo mawili: njia ya kujifunza maneno mapya, na amri ya kukiuliza kama bado chajifunza.