Pikipiki Inapokosa Nguvu Mwendo wa Chini: Tuulize Kabla ya Kufungua



Likizo iliyopita nilikuwa parokiani kwetu, na Paroko alinipa kazi ya kuzunguka vigangoni pamoja na katekista. Usafiri wetu ni Honda CG125 ya zamani, yenye kabureta na ya kupiga kiki. Kwa miaka mingi imebeba vitabu vya ubatizo, magunia ya mahindi ya zaka, na mara nyingine mgonjwa wa kupelekwa zahanati.

Wiki ya pili ikaanza matata. Barabara kuu ilikwenda vizuri kabisa. Lakini ukiondoka na gia ya kwanza, au ukipanda mlima polepole, ilikuwa inakohoa, inasitasita, kisha inazima. Kigango chetu cha mbali kiko juu ya mlima wenye mawe, ambapo huwezi kukimbia hata ukitaka. Jumapili moja tuliisukuma karibu njia yote. Tulipofika, waamini waliokuwa wakingoja ibada walikuwa wameshatawanyika.

Fundi mmoja wa mjini aliisikiliza kwa muda usiozidi dakika moja, akasema pistoni na ringi zimekwisha, silinda ichongwe. Gharama aliyotaja ilizidi sadaka zetu za Jumapili kadhaa. Mimi nami nikaongeza la kwangu. Nilikuwa nimeona dumu la mafuta ya taa nyumbani kwa katekista, nikamwambia Paroko kwamba huenda Mwalimu anachanganya mafuta ya taa na petroli ili kubana matumizi. Nilisema hivyo bila kumuuliza mwenyewe.

Nitarudi kwenye jambo hilo. Kwanza tuielewe injini.

Kabureta ina njia zaidi ya moja

Injini ya petroli inahitaji hewa na mafuta kwa kipimo. Ili petroli iungue yote, kwa uzito huhitaji takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Kazi ya kabureta ni kukaribia kipimo hicho, injini ikiwa inaunguruma taratibu au inakimbia.

Njia moja tu haiwezi kazi zote hizo. Ndiyo maana kabureta ya aina hii ina njia kadhaa zinazopokezana:

Ekseleta ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo sana, mafuta hupita kwenye jeti ndogo, na kipimo chake hurekebishwa kwa skrubu iliyo ubavuni mwa kabureta.

Ukifungua kufikia robo, umbo la kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta huanza kutawala.

Kuanzia robo hadi robo tatu, sindano iliyoning'inia chini ya kizibo ndiyo hupima mafuta.

Ukifungua yote, jeti kubwa ndiyo hulisha injini.

Mipaka hii huingiliana kidogo, lakini inatosha kutuongoza. Pikipiki inayokimbia vizuri lakini inayokufa mwendo wa chini imeshatueleza mengi: koki inapitisha mafuta, jeti kubwa iko wazi, cheche ipo. Mahali pa kwanza pa kushuku ni ile njia ndogo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kushika spana

Karibu na misheni yetu kuna fundi mzee aliyeacha kazi ya gereji. Nilipompelekea pikipiki, hakuigusa. Aliniuliza, "Frateri, inasumbua ekseleta ikiwa wapi?"

Nikamjibu, "Mzee, inasumbua mlimani."

"Mlima hauko ndani ya injini," akasema. "Nimeuliza ekseleta."

Sikujua. Akabandika kipande cha plasta kwenye mshiko wa ekseleta, akachora alama ya robo, nusu na robo tatu, akanituma nikazunguke. Nilirudi na jibu: inasumbua chini ya robo, ikipita hapo inatulia. Mlimani kwenye mawe nilikuwa nikifungua na kufunga ekseleta muda wote, nikirudi palepale penye ugonjwa.

Swali la pili: je, ni injini kweli? Inua gurudumu moja moja na ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika. Injini ikipandisha mlio lakini pikipiki haiongezi mwendo, klachi inateleza. Angalia pia upepo wa matairi na mnyororo uliokaza kupita kiasi. Hakuna kabureta itakayoponya breki inayoshika.

Swali la tatu: je, mafuta ni machache au ni mengi? Injini ikiwa imepata moto, vuta choki kidogo, kisha jaribu mwendo ule unaosumbua. Choki huongeza mafuta. Pikipiki ikipata nafuu, ilikuwa na njaa ya mafuta, au kuna hewa inayoingia pasipostahili. Ikizidi kuwa mbaya, huenda mafuta yamezidi: kichujio cha hewa kimeziba, choki hairudi yote, au boya la kabureta linaacha mafuta yapande mno.

Yetu ilipata nafuu mara moja.

Mpangilio wa kutafuta

Anza na vitu rahisi na vya bei ndogo.

*Plagi.* Ifungue baada ya kuendesha kwa mwendo unaosumbua. Ikiwa nyeupe, mafuta ni machache. Ikiwa na masizi meusi makavu, mafuta yamezidi. Ikiwa imelowa oili, hapo tuanze kuzungumzia ringi na valvu. Rangi ya udongo wa kahawia ni dalili njema. Nafasi ya cheche kwa CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7. Zile za zamani zenye pointi, nafasi ya pointi ni milimita 0.3 hadi 0.4.

*Hewa ya wizi.* Kagua shingo inayounganisha kabureta na injini. Gasketi ikipasuka au nati zikilegea, hewa huingia bila kupimwa. Kosa hili huonekana zaidi mwendo wa chini, kwa sababu injini inavuta hewa kidogo, na hata hewa ndogo ya wizi huwa sehemu kubwa. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Usitumie petroli kwa kipimo hiki. Injini ya moto na petroli ni ajali inayongoja.

*Jeti ndogo.* Funga koki, zima injini na uiache ipoe. Kaa mbali na jiko na sigara. Mwaga mafuta ya bakuli la kabureta kwenye chombo safi uone kama kuna maji au uchafu, kisha fungua bakuli na utoe jeti ndogo kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye mfereji wake, maana shaba ni laini. Tundu lake halifiki nusu milimita. Lielekeze kwenye mwanga: usipoona nukta ya mwanga, umepata mgonjwa wako. Loweka, puliza kwa upepo wa pampu, na usichokonoe kwa waya wa chuma, kwa kuwa ukilipanua umeharibu kipimo. Puliza pia vijia vyenyewe ndani ya kabureta.

*Skrubu ya kipimo.* Izungushe ndani taratibu hadi iguse, bila kukaza, kisha irudishe nje mzunguko mmoja na nusu kama mahali pa kuanzia. Injini ikishapata moto, izungushe robo robo hadi upate mlio wa juu na uliotulia. Kuwa makini: skrubu iliyo upande wa kichujio cha hewa hupima hewa, hivyo kuifungua hupunguza mafuta; iliyo upande wa injini hupima mafuta, hivyo kuifungua huyaongeza.

*Valvu.* Nafasi kwa CG125 ni milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, na mgandamizo huvuja. Mwendo wa chini huo mvujo unapata muda mrefu zaidi katika kila mzunguko, ndiyo maana nguvu hupungua hapo kwanza.

*Ringi.* Hizi ziwe za mwisho. Kabla ya kukubali silinda ichongwe, weka oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai kupitia tundu la plagi, kisha pima mgandamizo tena. Ukipanda sana, ringi zimechoka. Usipopanda, angalia valvu. Fundi wa mjini hakukosea kusema ringi zilizoisha hupunguza nguvu mwendo wa chini. Alikosea kuichagua sababu moja kati ya nyingi bila kuzipima nyingine.

Tuliosoma falsafa tunafundishwa kwamba tokeo moja laweza kuwa na sababu nyingi zinazowezekana, na kwamba kuiona dalili bado si kuijua sababu. Nililijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Kwenye pikipiki nililisahau. Kanuni ya yule mzee ilikuwa rahisi: badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na pikipiki ikapona, hujui kilichoiponya. Na ikiharibika zaidi, hujui ulichoharibu.

Angalizo kwa walio nyanda za juu: hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi kila unapopanda mita 1,000. Pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, ikifikishwa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hupata mafuta mengi kuliko hewa. Hapo pikipiki nzima inaweza kuonekana mgonjwa kumbe inahitaji kipimo kipya tu.

Kilichokuwa ndani

Tulipoishika jeti ndogo kuelekea jua, hatukuona mwanga. Ilikuwa imejaa utandu mgumu wa rangi ya asali iliyoungua. Mzee akauliza, "Hii ilikaa bila kutumika?" Nikakumbuka: wakati wa masika barabara ilikatika, na pikipiki ilikaa stoo miezi miwili, petroli ikiwa ndani ya kabureta. Petroli hukauka taratibu na kuacha utandu, na tundu dogo huziba kwanza. Pikipiki ilipona jioni ile, na ringi zake za zamani bado zimo.

Na lile dumu? Nyumba ya Mwalimu haina umeme. Watoto wake husomea taa ya chemli.

Nilirudi kwa Paroko kumweleza kosa langu, kisha nikaenda kwa Mwalimu. Alikuwa ameshasikia maneno yangu kwa watu wengine kabla sijafika. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Frateri, ungeniuliza tu." Jeti tuliisafisha kwa saa moja. Neno nililolisema sijui kama nimelimaliza lote.

Ukiwa na pikipiki ya namna hii na unajua itakaa zaidi ya wiki chache, funga koki na umwage mafuta yaliyo kwenye bakuli la kabureta. Na ikikosa nguvu, uliza kwanza: ekseleta iko wapi, choki inasema nini, na mara ya mwisho ilitumika lini. Mwulize pia anayeiendesha kila siku. Mara nyingi ndiye anayejua zaidi, naye hana sababu ya kuwa wa kwanza kushukiwa.