Bangi: sheria ikibadilika ao isipobadilika, mutoto ni wetu

Siku ya Posho iliyopita, kisha kugawanya makuta ya likelemba, hatukurudia nyumbani mapema. Mama mumoja aliuliza: "Redio inasema kama inchi zingine zimeruhusu bangi. Sisi tunangojea nini?" Mwingine, mwenye mutoto wake alianza kuvuta akiwa na miaka 14, alianza kulia. Tulikaa mupaka giza.

Harufu ile sisi wote tunaijua. Inatoka nyuma ya soko, inatoka kwa vijana wenye kukosa kazi, na kwa wachimbaji wenye kusema kama inaleta nguvu na kuondoa woga. Na wote tunajua kama imekatazwa. Katika inchi yetu, amri ya kukataza bangi ya kuvuta ni ya tarehe 1/3/1903, wakati Congo ilikuwa mali ya Mufalme Leopold wa Pili. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bangi ingali iko.

Wenye kutaka iruhusiwe wanasema nini?

Wanasema kama kukataza hakujaondoa bangi, kumeleta tu bei ya kutosha mutoto katika buloko. Neno hilo lilitugusa. Kati yetu kuko mama mwenye aliuza mashini yake ya kushona, ili mutoto wake, mwenye walikamata na bangi kidogo, arudie nyumbani. Hakupewa hata karatasi moja ya kuonyesha alilipa nini. Mutoto alirudia na kuendelea kuvuta. Mama ndiye alibakia bila kazi.

Wanatuonyesha pia majirani. Katika Afrika ya Kusini, mahakama ya katiba iliamua katika mwezi wa 9, 2018, kama mutu mukubwa anaweza kulima na kuvuta bangi kwake nyumbani, kwa ajili yake mwenyewe. Sheria yenyewe ilitiwa sahihi katika 2024. Lakini kuuza bangi ya kuvuta kungali kumekatazwa. Zambia, ngambo ya Kasumbalesa, iliweka sheria katika 2021: mwenye kupewa ruhusa ya serikali anaweza kulima bangi kwa ajili ya dawa na kuiuza inje. Kuvuta tu hakukuruhusiwa. Kwa hiyo, mwenye kusema "Zambia walifungua bangi" anasema nusu ya habari.

Wenye kukataa wanasema nini?

Wanasema juu ya ubongo. Ubongo wa mutu unaendelea kukomaa mupaka karibu miaka 25. Waganga wanaona kama kati ya watu 10 wenye kuvuta, karibu 1 anashindwa kuacha. Lakini kati ya wale wenye walianza wakiwa vijana wadogo, ni karibu 1 kati ya 6. Masomo yanapotea, mutoto anasahau, na wengine wanaanza kusikia sauti zenye hakuna mutu mwingine anasikia. Kwa mama mwenye mimba, bangi inaweza kufanya mutoto azaliwe na kilo kidogo, na inapita katika maziwa yake.

Na dawa? Ni kweli, kuko dawa zenye zinatoka katika bangi, kwa ajili ya kifafa fulani cha watoto na kwa kutapika kwa wagonjwa wa kansere. Lakini ile ni dawa yenye ilipimwa. Si moshi, na si majani ya kuchemusha. Mama mwenye mutoto wa kifafa asimupatie vile.

Halafu mama mumoja mwenye kuuza lutuku alisema: "Lutuku pia inaharibu watoto, na mimi nauza." Tulinyamaza. Alikuwa na haki.

Tulipatana juu ya nini?

Juu ya sheria, hatukupatana. Lakini hata Canada, kwenye bangi inauzwa katika maduka tangu 2018, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuinunua. Wakubwa wa Kinshasa waamue vile watapenda, mutoto hayumo.

Tulipatana tena juu ya mambo haya:

Usimufukuze mutoto. Inje ndiko bangi ni mingi. Ongea naye asubui, wakati kichwa chake kiko safi.

Akianza kusikia sauti ao kuogopa watu bila sababu, umupeleke haraka kwa munganga. Usikubali mutu amuite muchawi.

Wakimukamata, usiende peke yako. Twende wawili ao watatu, na karatasi yake ya kuzaliwa. Sheria ya tarehe 10/1/2009 ya kulinda mutoto inasema kama mwenye hajafikisha miaka 18 anapelekwa mbele ya tribinali ya watoto. Omba karatasi kwa kila franka yenye utalipa. Na mukubwa mwenye kutuma mutoto kubeba ao kuuza bangi, yeye ndiye anavunja sheria ile.

Na mama wa mashini? Tulikubali zamu ya likelemba yenye kufuata iwe yake, hata kama hakuwa amefikiwa. Mutoto wake alikubali kwenda naye kwenye kituo cha afya. Hatujui kama ataacha. Lakini mama hataenda peke yake.

Juma lenye kuja tutaongea juu ya lutuku. Yule mama mwenye kuuza ndiye aliomba.