Winga chipukizi: abaki Mazembe au ashuke?

Kila msimu, katika uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, Lubumbashi, hutokea kijana wa pembeni mwenye miaka kumi na minane au kumi na tisa, aliyepandishwa kutoka akademia au kutoka klabu ndogo ya mji. Anaingia kipindi cha pili, anampita beki mara moja, jukwaa zima linasimama. Mechi inayofuata anapoteza mpira mara tano. Kufikia mechi ya sita hajafunga bado, na mashabiki wamekwisha kugawanyika: hawa wanasema aachwe akomae hapohapo, wale wanataka arudishwe chini akajifunze kwanza. Nadhani pande zote mbili zinabishania jambo lisilo lenyewe. Idadi ya mabao haitoshi kuamua, na umri hautoshi pia. La kuuliza ni kosa linalomwangusha kijana huyu linatibika wapi. Yako makosa ambayo dawa yake iko kikosi cha kwanza tu, na yako mengine ambayo hayaponi huko juu hata akikaa miaka miwili, kwa sababu hapati mpira wa kutosha kuyarekebisha.

Tuanze na mabao, maana ndiyo yanayohesabiwa mapema na ndiyo yanayodanganya zaidi. Chukua winga ambaye uwezo wake halisi ni bao moja katika kila mechi tano, kiwango kizuri kwa mtu wa pembeni. Hesabu ya uwezekano inasema kwamba winga huyo, bila kupungukiwa na chochote, ana nafasi kama moja kati ya saba ya kumaliza mechi kumi bila bao hata moja. Ukimhukumu baada ya mechi sita, nafasi hiyo inapanda hadi karibu tatu kati ya kumi. Kocha anayekata shauri kwa mabao ya mechi sita atawafukuza karibu mawinga watatu wazuri katika kila kumi, na sababu itakuwa bahati tu. Geuza upande wa pili: winga wa kawaida, anayefunga mara moja katika mechi kumi na tano, ana nafasi moja kati ya tatu ya kupata walau bao moja katika mechi hizohizo sita na kubebwa mabegani. Tena winga hajiamulii chakula chake. Kiungo asipomletea mpira kwa wakati, au mshambuliaji akikosa krosi nzuri, daftari la mabao linamwandikia yeye sifuri.

Mchezo uliolitafakari jambo hili kwa muda mrefu kuliko soka ni besiboli ya Marekani, na inafaa kuazima mfano huko ingawa huku kwetu wachache wameuona ukichezwa. Katika besiboli wachezaji watatu husimama mbali nyuma ya uwanja kuudaka mpira unaopigwa juu. Kazi yao inataka mbio na nafasi kubwa, kama kazi ya winga, na zamu yao ya kupiga ikifika wanasimama peke yao mbele ya mrushaji na macho ya watu wote. Mwaka 1951 mji wa New York ulipata chipukizi wawili wa nafasi hiyo kwa wakati mmoja. Willie Mays wa Giants, mwenye miaka 20, alipandishwa mwezi Mei, na katika majaribio yake 26 ya kwanza ya kupiga alifanikiwa mara moja tu. Meneja wake, Leo Durocher, alikataa kumwondoa. Mays alimaliza msimu akiwa amepiga mipira 20 ya kuvuka uzio na akatuzwa kuwa chipukizi bora wa ligi yake. Ng'ambo ya mto, Mickey Mantle wa Yankees, mwenye miaka 19, alikuwa akikosa mpira mara kwa mara, na mwezi Julai akarudishwa ligi ya chini, Kansas City. Huko alipiga vizuri, mwezi Agosti akaitwa tena, na wote wawili wakaja kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa wa mchezo huo.

Watu wengi hutaja kisa cha Mays kutetea uvumilivu, wengine hutaja cha Mantle kutetea kushushwa, na kila upande huondoka umeridhika. Visa hivyo viwili vikisomwa pamoja vinafundisha kitu kingine. Mays alikuwa ameimaliza ligi ya chini: huko Minneapolis alikuwa akifanikiwa karibu mara moja katika kila majaribio mawili, na hakuna mrushaji wa huko aliyeweza kumtisha. Kumrudisha kungekuwa kumrudisha mwanafunzi darasa alilokwisha kufaulu. Kilichokuwa kigeni kwake ni warushaji wa juu, na hao hawapatikani mahali pengine. Mantle alikuwa na tatizo jingine. Alikuwa akiukosa mpira hivi kwamba kila jaribio lilimwongezea woga, na alihitaji kupiga, kupiga tena, na kuona mpira ukiruka. Mike Trout wa Angels alipitia njia ya Mantle baada ya miaka sitini. Mwaka 2011, akiwa na miaka 19, wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.220, duni kwa kipimo cha ligi kuu. Msimu wa 2012 aliuanzia chini, akaitwa mwishoni mwa Aprili, akamaliza na wastani wa 0.326 na kura zote za chipukizi bora.

Sasa tumrudie winga wetu. Kijana mwenye kasi, akicheza ligi ya mji wa Lubumbashi, anampita kila beki kwa miguu tu. Anausukuma mpira mbele, anaufukuza, anaufikia. Hana sababu ya kuinua kichwa. Kikosi cha kwanza anakutana na beki anayerudi hatua mbili, anayemwachia upande wa mstari kwa makusudi na kumsubiri kiungo aje kumbana. Hapo kasi peke yake haimwokoi. Inabidi awe amekwisha kuamua kabla mpira haujamfikia. Somo hilo halifundishwi chini kwa sababu chini hakuna mwalimu wake. Winga ambaye kosa lake ni hili abaki, hata akipoteza mipira, kwa sharti kwamba kila mwezi apoteze mipira ya aina tofauti na ile ya mwezi uliopita. Lakini kuna makosa ya sura nyingine: krosi inayopita juu ya goli, mguu wa kushoto usioaminika, pumzi inayokatika dakika ya sitini, kusahau kurudi na beki wa pembeni wa wapinzani anapopanda. Haya yanataka kurudiwa katika mechi kamili, wiki baada ya wiki, na dakika kumi na tano za mwisho za mechi iliyokwisha kuamuliwa haziyatibu. Kwa hayo ashuke, na ashuke mapema.

Hapa mfano wa Marekani unaanza kutuacha, na ni lazima tuseme wazi kwa nini. Tangu 2021 kila klabu kati ya 30 za ligi kuu ya besiboli ina timu nne za chini zinazoshirikiana nayo, 120 kwa jumla, zinazocheza karibu kila siku kwa miezi mitano au zaidi. Anayeshushwa leo anacheza kesho. Lubumbashi ngazi ni fupi. Ipo akademia ya klabu, iitwayo Katumbi, ipo CS Don Bosco ambayo vijana wengi wa Mazembe wamepitia, zipo klabu za mji, kisha kuna pengo. Ligi ya taifa hucheza mechi chache, na kalenda yake hukatika: msimu wa 2019-2020 ulisimamishwa kwa ajili ya korona na Mazembe ikatangazwa bingwa kabla mechi hazijaisha. Viwanja vya chini ni vya vumbi kiangazi na matope masika, na winga ndiye anayepigwa mateke zaidi. Kwa hiyo anayesema "ashuke akajifunze" anadaiwa jibu la pili: ashukie wapi, na atacheza mechi ngapi? Kama jibu ni mechi nane kwa msimu katika uwanja wa mashimo, basi hata kosa la aina ya pili ni afadhali litibiwe juu, taratibu, kwa mazoezi ya ziada.

Historia ya mji wenyewe inaunga mkono njia zote mbili, kila moja mahali pake. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akaingia kikosi chenye Trésor Mputu, aliyekuwa ametuzwa mwaka 2009 kuwa bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Hakung'aa siku moja. Alibaki, akacheza, na mwaka 2015 mabao yake 7 yalimweka kileleni mwa wafungaji wa Ligi ya Mabingwa. Katika fainali dhidi ya USM Alger alifunga Algiers na akafunga tena Lubumbashi. Meschack Elia, winga hasa, alifuata njia iliyopitia Don Bosco. Mwezi Februari 2016, akiwa na miaka 18, alifunga mabao mawili katika fainali ya CHAN kule Kigali, Kongo ilipoifunga Mali 3-0, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. CHAN ni ya wanaocheza ligi za nyumbani tu. Alifika pale kwa sababu alikuwa anacheza, wala si kwa sababu alikuwa amevaa jezi nzito akiwa kwenye benchi. Januari 2024, katika Kombe la Afrika, bao lake dhidi ya Misri liliifikisha Kongo kwenye penalti ilizoshinda.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba Mazembe si shule. Klabu yenye vikombe vitano vya mabingwa wa Afrika, iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, haiwezi kutoa pointi ili kijana ajifunze, na jukwaa la mashabiki wake wa Cent Pour Cent halitanyamaza. Nalikubali kwa mechi kubwa. Katika kikosi cha 2015 nafasi za mbele zilikuwa na Rainford Kalaba wa Zambia na Roger Assalé wa Côte d'Ivoire, na hakuna kocha mwenye akili ambaye angewaondoa siku ya fainali ili kumjaribu mtoto. Lakini mechi kubwa ni chache kwa msimu. Zilizobaki, nyingi zikiwa nyumbani dhidi ya wapinzani dhaifu, zina nafasi, tena sheria ya wabadala watano, iliyoanza kama ya muda mwaka 2020, imeongeza nafasi hiyo. Kipimo changu ni dakika 900 kwa msimu, yaani mechi kumi kamili. Klabu isiyoweza kuzitoa haimlei huyo winga. Inamhifadhi tu asichukuliwe na wengine.

Pingamizi la pili linatoka kwa mawakala na mara nyingi kwa wazazi: akishuka, bei inashuka naye. Hofu hiyo ina msingi, lakini inasahau namna fedha zinavyohesabiwa. Kanuni za FIFA hukadiria fidia ya malezi kwa miaka kijana aliyofunzwa kati ya 12 na 21, na hukata asilimia 5 ya fidia ya kila uhamisho wa kimataifa kwa ajili ya klabu zote zilizomlea hadi miaka 23. Msimu aliocheza Don Bosco unahesabika, na klabu ndogo nayo inapata haki yake. Msimu aliokaa benchi unahesabika vilevile kwenye karatasi, ila mtafutaji vipaji kutoka Ubelgiji au Uswisi anataka kumwona akicheza, na benchi halimwonyeshi kitu.

Linabaki suala la moyo, ambalo haliponi kwa hesabu. Kushushwa bila maneno humwambia kijana kwamba amefukuzwa. Ndiyo maana makubaliano yaandikwe kabla hajafunga mizigo: kosa gani anakwenda kurekebisha, mechi ngapi atacheza kamili, nani wa benchi la ufundi atakwenda kumtazama kila mwezi, na tarehe ambayo ataitwa tena kupimwa. Na iandikwe pia nafasi atakayocheza, maana klabu ndogo ikikosa beki wa kushoto humweka palepale mtu yeyote mwenye kasi, na winga aliyetumwa kujifunza krosi anarudi Kamalondo baada ya msimu mzima wa kuondosha mipira.