Padri John Kaiser: Paroko wa mpakani aliyekataa kuwaacha waumini wake

KWA wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, mpaka wa Tanzania na Kenya haujapata kuwatenganisha ndugu. Wakurya wanaishi pande zote mbili, na mifugo, bidhaa na wakwe huvuka huku na huko. Kwa hiyo habari za Padri John Anthony Kaiser, aliyekuwa paroko wa Lolgorien katika eneo la Transmara, Kenya, si habari za ugenini kwa watu wa Mara.

Padri Kaiser alizaliwa mwaka 1932 katika familia ya wakulima jimboni Minnesota, Marekani. Alipata kuwa askari wa miavuli kabla ya kujiunga na Shirika la Wamisionari wa Mill Hill. Alipewa daraja la upadri mwaka 1964 na mwaka huo huo akatumwa Kenya, katika Jimbo la Kisii.

Huko alifanya kazi kwa takriban miaka 30. Alijifunza Kikisii, akapanda pikipiki kwenda vigangoni, akajenga makanisa na shule kwa mikono yake mwenyewe akisaidiana na waumini. Hiyo ndiyo kazi ya paroko wa vijijini, iwe Kisii au Tarime: kuadhimisha misa, kuzika wafu, kusuluhisha ugomvi, kumpeleka mgonjwa hospitalini usiku. Paroko hupendwa kwa mambo hayo kabla hajajulikana kwa lolote lingine.

Jina lake lilianza kusikika nje ya parokia baada ya Kenya kurejea katika mfumo wa vyama vingi. Mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa yaliwafukuza maelfu ya watu katika mashamba yao. Waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993 walikusanyika katika kambi ya Maela, karibu na Naivasha, na mwaka uliofuata Padri Kaiser alipelekwa kuwahudumia. Desemba 1994 kambi hiyo ilivunjwa kwa nguvu na vyombo vya dola. Padri alipinga, naye akaondolewa kwa nguvu.

Baada ya hapo Askofu Colin Davies wa Jimbo la Ngong alimpangia Lolgorien, parokia ya Wamasai na majirani zao, isiyo mbali na mpaka wa Tanzania. Wapo waliodhani kwamba huko atanyamaza. Haikuwa hivyo. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, na akawataja hadharani viongozi wa juu aliodai kuwa walihusika.

Mwishoni mwa mwaka huo Serikali ilimtaka aondoke nchini kwa maelezo kwamba kibali chake kilikuwa kimekwisha. Kanisa lilipinga, na akaruhusiwa kubaki. Mwaka 2000 Chama cha Wanasheria cha Kenya kilimtunuku tuzo ya haki za binadamu.

Jambo jingine lililomletea maadui ni kuwasaidia wasichana waliomlalamikia mwanasiasa mmoja mwenye madaraka makubwa kuwa aliwabaka. Mwanasiasa huyo alikanusha, na kesi iliyokuwa imefunguliwa iliondolewa baada ya padri kufariki dunia.

Agosti 24, 2000, mwili wake ulikutwa Morendat, kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Nairobi, ukiwa na jeraha la risasi kichwani. Bunduki yake ilikuwa karibu. Alikuwa na umri wa miaka 67.

Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani, walioshirikiana na polisi wa Kenya, walitoa taarifa mwaka 2001 wakieleza kuwa dalili zilielekea kuonyesha kwamba alijiua. Maaskofu, ndugu na waumini waliikataa taarifa hiyo. Baada ya mabadiliko ya uongozi nchini Kenya, uchunguzi wa wazi ulifunguliwa mahakamani mwaka 2003. Agosti 1, 2007, Hakimu Maureen Odero aliamua kwamba padri huyo aliuawa. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Kwa watu wa Tarime na Serengeti, maisha haya yanaeleza kwa nini kazi ya Kanisa mpakani haiishii altareni. Wamisionari wa Maryknoll walipofika Musoma mwaka 1946, nao walijenga shule na zahanati pamoja na makanisa. Hivi karibuni zaidi, kituo cha Masanga wilayani Tarime, kilicho chini ya Jimbo Katoliki la Musoma, kimewapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Anayempokea binti wa namna hiyo hujikuta akikabiliana na wazazi, wazee wa mila na wakati mwingine wenye mamlaka, kama ilivyokuwa Lolgorien.

Padri Kaiser angeweza kurudi kwao Minnesota akazeeka kwa amani. Alipewa nafasi hiyo zaidi ya mara moja, naye akachagua kubaki na watu aliokabidhiwa. Waumini wake walimpenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo bado wanadai haki itendeke juu ya kifo chake.