“Wajuaje?”: Neno la Kumfundisha Mtoto Kuandika Insha

Mwezi huu twataka kusema na wazazi na waalimu juu ya insha za watoto wetu, hasa wale wa umri wa miaka 12 hadi 14. Wengi wao huandika kwa hati safi, wala hawapungukiwi na maneno. Hata hivyo msomaji akiisha kusoma huona hakupata kitu. Sababu yake ni kwamba mtoto amesema neno, asilithibitishe.

Tuseme mwalimu wa Unguja amewaagiza wanafunzi waandike habari za Kanisa la Mkunazini. Mmoja aandika hivi: “Kanisa hili ni zuri sana sana. Lina sifa nyingi. Kila mtu hulipenda.” Maneno haya yangeweza kuandikwa juu ya kanisa lo lote, hata na mtu asiyefika Unguja maisha yake yote. Akipewa alama chache, mtoto huongeza “sana” ya tatu, au hutia methali aliyoikariri, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza, mtoto na achague neno moja analotaka msomaji alisadiki, aliandike kwa sentensi moja, kama hivi: “Kanisa hili ni ukumbusho wa kukomeshwa kwa soko la watumwa.”

Pili, mwalimu amwulize, “Wajuaje?” Ndipo mtoto atafute. Ataona kwamba Sultani Barghash alikubali mkataba mwezi wa Juni 1873, na soko la watumwa likafungwa. Kwamba jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale siku ya Krismasi ya mwaka ule ule. Na kwamba nje ya kanisa leo ziko sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni. Sasa msomaji ana cha kushika.

Tatu, mtoto afundishwe kuchagua, na hapa ndipo penye kazi. Akiisha kukusanya habari, hutaka kuzitia zote. Labda amesikia masimulizi kwamba mafundi walisimamisha nguzo kadha juu chini, Askofu Steere alipokuwa hayupo. Habari hii hupendeza, na wageni husimuliwa mara nyingi. Lakini haionyeshi kwamba kanisa ni ukumbusho wa watumwa. Basi iachwe. Mwalimu asiikate kwa wino mwekundu bila neno, kwani mtoto ataona taabu yake imedharauliwa. Amwambie, “Iweke akiba.” Siku atakapoandika jinsi ujenzi unavyohitaji msimamizi, nguzo zile zitakuwa shahidi wake wa kwanza. Habari ile ile hufaa hapa, haifai pale, kwa kadiri ya neno inalolitegemeza.

Kwa mazoezi, wanafunzi wabadilishane madaftari wawili wawili. Kila mmoja apige mstari chini ya neno kuu la mwenzake, kisha kando ya kila sentensi aandike “yathibitisha” au “haithibitishi”. Mtoto huona upungufu wa mwenzake upesi kuliko wake mwenyewe, na akiisha kuuona kwa mwenzake, hurudi kwake akiwa na macho mapya.

Nanyi wazazi, hata msiojua kusoma, kazi hii ni yenu pia. Jioni mtoto akisema, “Leo sokoni watu walikuwa wengi,” mwulizeni, “Ulijuaje? Uliona nini?” Mwacheni afikiri, wala msimjibie.

Msidhani ni jambo la shule tu. Watoto hawa watasikia mengi yasemwayo juu ya jirani, juu ya ndugu, juu ya watu wa kabila nyingine. Aliyezoea kuulizwa “Wajuaje?” juu ya jengo la mawe atajiuliza neno lile lile kabla ya kupeleka uvumi utakaovunja nyumba ya mtu.